Njama si Kila Mlango Uliofungwa

Mara nyingi tumesikia mkutano wa wanachama wetu ukiitwa njama kwa kuwa tu mlango ulirudishwa. Yapasa tulitazame neno lenyewe kabla ya kulipokea jina hilo.

Njama, kwa Kiswahili chetu, ni shauri la siri lenye nia ya kudhuru. Nayo huliwa, kama mtu alavyo kiapo, walioila wamefungamana. Lakini Wakikuyu wa Kenya wanalo neno la sauti hiyo hiyo: njama ya ita lilikuwa baraza lao la vita, na Jomo Kenyatta alilitaja waziwazi kitabuni mwake mwaka 1938. Kwao halikuwa tusi.

Ama faragha, tuliyoipata kwa Waarabu, asili yake ni utupu na nafasi: mahali pasipo mtu mwingine. Baraza la Mawaziri hukaa faragha, wala hatujasikia likiambiwa limekula njama. Ajabu hiyo!

Siri peke yake haifanyi njama. Nia ndiyo iifanyayo. Basi wanaotutuhumu na wautaje ubaya tuliokusudia, na wamtaje tuliyemkusudia. Matawi na yaendelee kukutana, na makatibu waandike kumbukumbu kama kawaida.