Hofu Hainakiliki

Wako wadaio kuwa taharuki ni ufundi mtupu: kamera ikiwekwa palepale, hofu itakuja. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliitengeneza upya Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, karibu picha kwa picha, kwa mswada uleule wa Joseph Stefano na muziki uleule wa Bernard Herrmann. Hofu haikuja. Kusema kwamba siri ilikwisha kujulikana si udhuru; wairudiao ile ya kwanza wangali wakishtuka. Anthony Perkins alimfanya Norman kijana mwenye haya, astahiliye huruma. Vince Vaughn aliutangaza wazimu wake tangu mlangoni. Aliyekwisha kutiliwa shaka hawezi kumhaini mtu. Taharuki huzaliwa na imani, na imani haipatikani kwa kunakili.