Bwana Apa Pant

Bwana Apa Pant alizaliwa mwaka wa 1912, naye alikuwa mtoto wa mfalme wa Aundh, nchi ndogo iliyokuwa magharibi ya Bara Hindi. Alisoma Oxford, akahitimu uwakili, kisha akarejea kwao. Wengi wenye elimu kama ile hurejea kutafuta vyeo. Yeye alimsaidia baba yake kukipunguza cha kwao. Mwaka wa 1939, kwa mashauri ya Bwana Gandhi, mfalme aliwakabidhi watu wa vijijini madaraka ya kujitawala.

Mwaka wa 1948 alitumwa Nairobi kuwa Kamishna wa kwanza wa Bara Hindi huru katika Afrika ya Mashariki. Aliwahimiza Wahindi washirikiane na Waafrika, na vijana wa Kiafrika wakapata misaada ya kwenda kusoma katika vyuo vya Bara Hindi. Serikali ya Kiingereza ilimshuku kuwa rafiki wa wapigania uhuru, ikamlalamikia; naye akaondoka mwaka wa 1954.

Baadaye alitumwa Sikkim, Indonesia, Norway na Misri. Mwaka wa 1969 Waingereza walewale walimpokea London kwa heshima zote, akiwa balozi wa nchi yake.