Duka la Gumbo na Programu Huria

Gumbo, ng'ambo ya Nile, ndipo malori ya Uganda yanapoingilia Juba kwa barabara ya Nimule. Ukiwauliza wenye maduka wa huku kwa nini hawatumii programu huria, yaani zile za bure ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzinakili na kuzigawa, utasikia majibu yale yale, na mengi si kweli.

"Excel ya bure tunayo." Hapana. Mnayo nakala ya wizi iliyoletwa na fundi kwa flashi, mara nyingi pamoja na virusi vyake. Siku virusi vikila faili la madeni, mteja utamdai kwa ushahidi gani?

"Programu huria ni ngumu." Calc, programu ya majedwali iliyo ndani ya LibreOffice, ukiifungua mara ya kwanza, kweli sura yake ni ngeni. Ingia menyu ya View, chagua mpangilio wa vichupo, nayo itafanana na Excel uliyoizoea. Na ugeni wenyewe si mkubwa hivyo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka kwenye shina hilo hilo la OpenOffice mwaka 2010.

"Haziwezi hesabu zetu." Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana hesabu zetu ndizo zinazohitaji msaada. Unanunua sabuni Kampala kwa shilingi, unalipa usafiri kwa dola, unauza kwa pauni ya Sudan Kusini ambayo bei yake haitulii. Daftari la karatasi hukuonyesha faida ambayo haipo. GnuCash, programu huria ya uhasibu, huipa kila sarafu akaunti yake, na unapohamisha fedha hukuuliza kiwango cha kubadilishia cha siku hiyo. Kujifunza debiti na krediti kutakuchukua siku kadhaa, sikatai.

"Cha bure hakina maana." Takwimu za afya za nchi hii zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo.

"Mashirika hayatafungua faili zetu." Calc huhifadhi kwa muundo wa Excel. Ila faili lenye makro nzito huweza kugoma. Hapo wana hoja.

Intaneti ni ghali, najua. LibreOffice hupakuliwa mara moja, kisha huzunguka duka kwa duka kwa flashi, kihalali kabisa. Anza na madeni peke yake, na daftari lako usilitupe mpaka mwezi uishe na hesabu zilingane.