Ng' Si Ushamba
Nakataa kuambiwa kwamba mwanakijiji wa Anatolia anayemalizia kiambishi cha umiliki kwa ng', ile ile ya ng'ombe, anaharibu Kituruki. Yeye ndiye mwenye cha kale. Mawe ya Orkhon, kule Mongolia, yaliyochongwa karne ya 8, yana ng' hiyo. Wauzbeki wanayo hadi leo: "kitobning", yaani "ya kitabu". Istanbul ndiyo iliyoigeuza kuwa n: "kitabın". Waosmani, kwa hati za Kiarabu, waliiandika kwa kaf. Alfabeti ya Kilatini ya 1928 haikuipa herufi. Leo aliyepoteza sauti anamsahihisha aliyeitunza! Lugha sanifu ni makubaliano ya shule na ofisi. Sawa, itumike, ila isijifanye mzee wa ukoo.