Wali uliolala usiutupe

Asubuhi ukifungua friji ukakuta bakuli la wali wa jana, usiutupe. Kule Ufilipino wali huo ndio staftahi. Huitwa sinangag, na wapishi wa huko huupendelea uliolala kwa kuwa punje zake zimekauka na kuachana. Wali uliopikwa sasa hivi hushikana ukawa mabonge.

Kwa vikombe vinne vya wali, menya chembe sita za kitunguu saumu uzikatekate. Zikaange kwa vijiko viwili vya mafuta, moto mdogo, mpaka zigeuke rangi ya dhahabu. Zikiungua zitakuwa chungu. Toa nusu uziweke kando. Pukuchua wali kwa mikono, utie karaini pamoja na chumvi, ongeza moto, ukoroge mpaka wote uwe moto kabisa. Pakua, kisha unyunyizie saumu uliyoiweka kando. Wafilipino huula kwa yai la kukaanga, ambalo wao huliita itlog. Ndipo sahani hiyo ikapata jina silog.

Lakini mama, nawe mwanafunzi unayejipikia chumbani, sikieni hili. Wali ukilala nje usiku kucha huota vijidudu, na sumu yao haiondoki hata ukaange vipi. Kwa hivyo jioni utandaze upoe upesi, uufunike, uutie kwenye friji kabla ya saa moja kupita, na uule kesho yake. Huna friji? Basi pika wa kumalizika. Heri sufuria tupu kuliko tumbo la kuendesha.