Uhuru wa Bwenini

Kijana wa miaka kumi na saba anaposema kwamba anautaka uhuru, watu wazima wengi hucheka. Mimi sicheki. Tamaa hiyo ni ya haki, nayo ni ya kale katika nchi hii ya ziwani. Mwaka 1906 wamishenari wa Church Missionary Society walifungua shule huko Maseno, mwendo wa kilomita zipatazo 25 kutoka hapa Kaloleni. Mwaka 1908, shule ikiwa changa bado, wanafunzi wake waligoma. Walikuwa wakitumikishwa katika kazi za mikono, na wao walikuwa wamekuja kutafuta kusoma. Litafakari jambo hilo, msomaji. Vijana ambao baba zao hawakuijua kalamu walithubutu kusimama mbele ya Mzungu, katika siku ambazo Mzungu hakuulizwa neno, wakadai vitabu.

Basi sina ugomvi na tamaa ya uhuru. Ugomvi wangu ni na kitu kingine kilichoazima nguo zake: ule udugu wa mabwenini na wa vyuoni ambao humpa kijana jina la mwanamume kwa sharti la kuwatesa wadogo, kulewa pamoja na wenziwe, na kuwadharau wasichana.

Utazameni udugu huo tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi mgeni aingia shuleni na sanduku jipya, ambalo mama yake amelinunua kwa faida ya omena aliouza sokoni Kibuye. Kabla jua halijatua amekwisha kupoteza jina alilopewa na wazazi wake. Sasa aitwa mono. Sukari yake yaliwa na watu asiowajua. Aamriwa kuizima taa ya umeme kwa kuipuliza kama kibatari, au kuupima ukumbi kwa njiti ya kiberiti, au kumpigia mama yake simu kwa kiatu. Wakubwa hucheka hadi machozi. Likizo inapofika, hapa Kaloleni huwasikia wakisimuliana mambo hayo kando ya njia, kama askari wasimuliao vita walivyoshinda. Vita gani hivyo, na adui ni mtoto aliyeikosa nyumba yao usiku wa kwanza?

Ukiwauliza sababu, hujibu kwamba hata wao walitendwa hivyo. Mtu aliyeumwa na nyoka huwaonya wenziwe wasipite njia ile, hageuki nyoka. Wengine, walio wajuzi zaidi, husema kwamba tabia hii tuliirithi kwa Waingereza, ambao katika shule zao za bweni mdogo alikuwa mtumishi wa mkubwa. Ni kweli, huko ilikuwako. Walakini bendera ya Uingereza ilishushwa Kenya mwaka 1963. Mbona hili halikushushwa pamoja nayo? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi asitendewe ukatili wala udhalilishaji wa mwili au wa moyo. Na yule mono aliyeteswa hamngoji mtesi wake. Humngoja mono mwingine mwaka ujao. Tamaa ya namna hiyo ni tamaa ya kuwa bwana, na bwana huhitaji mtumwa.

Katika chuo cha ualimu nilichosoma, alikuwako mwenzetu asiyekunywa pombe. Kila mwisho wa mwezi aliitwa mtoto wa mama. Muhula wa pili alianza kunywa, karo aliyochangiwa na jamaa zake ikageuka chang'aa, na wenziwe wakampigia makofi kwamba sasa amekuwa huru. Niliona kijana aliyeshindwa kulitamka neno moja tu, nalo ni "sitaki".

Msidhani kwamba nazungumza juu ya michezo ya watoto. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito huko Meru, wavulana walikuwa wamepanga kugoma, na wasichana wakakataa kujiunga nao. Wavulana wakalivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na 71 walinajisiwa. Mwaka 1999 katika shule ya upili ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto chumbani mwao, wakafa. Yamkini utasema, "Sisi si hao." Nami nasadiki. Lakini kundi kubwa namna lile la St. Kizito haliwezi kuwa la waovu watupu. Sina shaka walikuwamo waliofuata kwa kuogopa kuitwa waoga. Wasichana wale walikuwa wamelisema lile neno lililomshinda mwenzetu wa chuoni. Katika shule nzima usiku ule, wao ndio waliokuwa huru.

Sisemi kijana akae peke yake kama kipungu juu ya mti. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu huko Maseno kabla ya kuiacha chaki, alikusanyika na wenziwe wakaweka akiba senti kwa senti, na kufikia mwaka 1947 walikuwa na kampuni yao, Luo Thrift and Trading Corporation, katika nchi ambayo biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa wageni. Huo nao ulikuwa udugu wa wanaume, tena wenye kiu kali ya uhuru, na haukumdai mtu amtese mdogo wake ndipo akubaliwe.

Wakuu wa shule nao wana jambo la kujibu. Kijana ambaye tangu kengele ya alfajiri mpaka taa kuzimwa haulizwi rai yake hata juu ya uji anaokunywa, ataitafuta mahali pa gizani nafasi ya kuamua. Apewe kura ya kumchagua kiranja wake, na kiranja huyo asikizwe. Hilo nalidai kwa ajili yenu, wala sitachoka kulidai.

Lakini kura hiyo haitakuja kesho, na wageni watafika muhula ujao na masanduku yao. Utakuwa umesimama mlangoni pa bweni pamoja na rafiki zako, na mmoja wao atakuwa amekwisha kuvua kiatu, tayari kumpa mtoto apige simu.