Kalamu Imenyanyuliwa Kwake, Si Kwetu

Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wamo miongoni mwetu watoto na vijana waliozaliwa na sindromu ya Down, ambao mitaani huitwa mataahira, jina ambalo sisi tunaliona ni dhulma. Hali hii hutokana na kromosomu ya 21 kuwepo mara tatu badala ya mara mbili, kama walivyobainisha wataalamu wa Ufaransa mwaka 1959. Si jini, si laana, wala si malipo ya dhambi za mama.

Linalotusikitisha ni kauli inayosikika hata kwa wanaojinasibisha na elimu: "Huyu kalamu imenyanyuliwa kwake, mwacheni, ni wa Peponi." Kunyanyuliwa kalamu ni kutoandikiwa madhambi yule asiye na akili ya kubeba taklifu. Wenye sindromu ya Down hawako daraja moja. Wapo wanaosoma, wanaoswali na kufunga kwa ufahamu. Na hata yule ambaye kalamu imenyanyuliwa kwake, haikunyanyuliwa kwa baba yake, wala kwetu sisi majirani. Mwili wake ni amana, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu.

Takriban nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu baina ya vyumba vyake. Mtoto huchoka anaponyonya, hutokwa na jasho, haongezeki uzito, na jamaa husema: "Ndivyo walivyo hawa." Sivyo walivyo! Huo ni ugonjwa, na hupimwa kwa mawimbi ya sauti bila maumivu yoyote. Wengine hawana dalili mwanzoni, kwa hiyo apimwe mapema hata akionekana mzima. Tundu kubwa likiachwa huharibu mishipa ya mapafu, na huenda upasuaji usiwezekane tena. Upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Nchini Marekani, mwaka 1983 watu hawa waliishi kwa wastani wa miaka 25 hivi. Leo wanakaribia 60, na sababu kubwa mojawapo ni matibabu ya moyo.

Kisha ipo tezi ya shingo, ambayo ikizembea mtu hulemaa, husinzia na kunenepa. Damu yake ipimwe kila mwaka. Macho pia. Na kwa kuwa baadhi yao huchelewa kueleza maumivu, mabadiliko ya ghafla ya tabia yasichukuliwe kuwa ni ukaidi.

Ama masikio, hapo tujihukumu wenyewe. Madrasani kwetu alikuwepo kijana wa namna hii. Tulimkalisha nyuma, tukimwita hageuki, tukakata shauri kuwa haelewi. Miaka miwili! Mama yake, asiyesoma zaidi ya darasa la saba, ndiye aliyempeleka kupimwa, ikaonekana maji yamekusanyika nyuma ya ngoma za masikio yake. Hakuwa haelewi, alikuwa hasikii. Tulikwenda kumtaka radhi mama yule, naye akatujibu kwa upole uliotuumiza kuliko lawama.

Sisi tunaokhutubia juu ya mizani ya muuza mchele, kwamba asipunje hata chembe, tulimpima mtoto wa watu kwa macho tu.

Tunapendekeza kwa maimamu na kamati za misikiti: kila msikiti uwajue watoto hawa kwa majina, na pale mzazi anaposhindwa nauli au gharama ya kipimo, sanduku la sadaka lifunguliwe kabla ya kununua zulia jipya. Kijana wetu sasa hukaa safu ya mbele, na ameshafika Suratul-Fiyl.

Wabillaahi tawfiyq.